Aliyegawa Hachagui

Alizaliwa lini, baba yake alikuwa nani, kitovu chake kilizikwa kolina gani, mlima gani: hayo kawaulize watu wa komini, ofisi ya serikali, wao wana madaftari na hawana kazi. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Na niliona mengi, maana mzee huyo alikaa barazani kwangu, kwenye kivuli cha mabati yangu, akiegemea ukuta niliousimamisha mimi, miaka mingi kuliko ndoa nyingi za hapa mjini.

Tulimwita Karani. Kabla ya vita alikuwa karani wa tribunali, mahakama ya kule Muyinga, yaani yule anayeandika wakati wengine wote wanadanganya. Vita vilipokuja alikimbilia Tanzania kama sisi. Amani ilipokuja alirudi na mkeka, birika, na mashine ya kuandikia ambayo herufi yake ya R ilikuwa imekufa. Kila alipofika kwenye R aliacha nafasi, halafu ukurasa ukiisha anarudi na kalamu kuzijaza moja moja, taratibu, kama mtu anayepanda maharage. Kazi yake ilikuwa kuandika wasia na mirathi. Hesabu mwenyewe ukurasa wa mirathi una R ngapi, kisha uzidishe kwa uvumilivu wa mteja.

Sasa, kabla hujamhurumia, nijue na mimi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Gitega, lori moja, na nyumba mtaani Musinzira yenye madirisha ambayo majirani huja kuyapigia picha. Shule nilisoma mpaka mwaka wa tatu. Nilianza kwa kubeba chumvi kichwani sokoni Muyinga, nikafungua mlango mmoja wa duka, ikawa miwili, ikawa mitatu, na juu ya mlango wa kwanza niliandika kwa rangi nyekundu JASHO LANGU. Duka la Gitega ni JASHO LANGU LA PILI. Waliomaliza shule wananiomba kazi ya kupima misumari, na nawapa, sina roho mbaya. Hakuna mtu aliyeniachia kitu. Sentensi hiyo nilikuwa naisema mara tatu kwa siku kama dawa, na Karani alikuwa anaisikia mara zote tatu.

Hakunilipa kivuli. Tulipatana kwamba atanisomea barua za komini na zile karatasi za ushuru zenye Kifaransa kirefu. Nani alimsaidia nani, sijui. Mimi nasema nilimsaidia yeye.

Watu wa nje hufikiri amani huleta raha. Amani huleta kesi. Wakati wa vita hakuna anayeuliza mparachichi ule ni wa nani. Siku malori yalipoanza kurudisha watu kutoka mpakani, kila mtu alishuka na ufunguo wa nyumba ambayo haina tena mlango, na kila mlango uliobaki ulikuwa na mtu ndani. Mimi niliwauzia mabati walioshinda na kufuli walioogopa kushindwa. Karani aliwaandikia wote wawili. Ilikuwa baraza yenye baraka.

Mteja akija, Karani hakumuuliza jina. Alimwonyesha kigoda, akammiminia chai, halafu akauliza maswali yake, daima hayo hayo, kwa mpango huo huo.

"Una nini?"

Hapo watu wote huwa wakarimu. Wana shamba, wana ng'ombe, wana nyumba, wana na vya jirani.

"Una nani?"

Hapo sauti hupungua kidogo.

"Unamficha nani?"

Hapo chai hupoa. Nimeona mzee wa kanisa, mtu wa kwaya, akikaa na kikombe mkononi mpaka adhuhuri kwa sababu ya swali hilo. Karani hakumharakisha. Alisafisha mashine yake kwa kitambaa, akatazama barabara. Hatimaye mzee akasema jina la mwanamke, na kolina, na Karani akaandika bila kuinua nyusi. Mimi ndani ya duka niliinua nyusi zangu na zake.

Kuhusu mashahidi alikuwa msumbufu kuliko askari wa barabarani. Shahidi asiwe mrithi, asiwe mlevi, na awe mdogo kwa umri kuliko mwenye wasia. Hilo la tatu lilitukana wazee wengi. Mmoja alikuja na rafiki zake wawili wa tangu utotoni, wote meno yamekwisha, kofia nzuri, fimbo nzuri. Karani akawaangalia.

"Mzee wangu, hawa ni mashahidi au ni wasindikizaji? Unatangulia wewe au wanatangulia wao?"

"Ni watu wa heshima, Karani!"

"Heshima yao naiona. Mapafu yao je?"

Mzee akakasirika, akaenda kuandikiwa kwingine na hao hao wawili. Wote wawili walimtangulia, naye akafa wa tatu, na karatasi yake ikabaki kama chapa ya mguu kwenye matope. Wanawe wako tribunali mpaka leo. Mabati walinunua kwangu, lakini bado hawajui ya kuezekea nani.

Alikuwa Mwislamu wa kuswali, ila aliwaandikia wote, na kila mtu alimpima kwa mizani yake. Kwa sisi, alisema, mpango ni rahisi: kwanza sanda, pili deni, tatu wasia usiozidi theluthi, kisha kinachobaki kigawiwe kama kilivyoandikwa, na mrithi hapewi tena kwa wasia ila wenzake waridhie mwenye mali akishakufa. Kwa Wakristo wa kolinani aliangalia mila yao na karatasi ya komini. Alichokichukia ni mtu mwenye dini mbili. Nao, niamini, walikuwa wengi. Kwenye mirathi kila mwanamume wa mji huu ana dini mbili. Dada akidai sehemu yake ya Kurani, kaka anageuka Mrundi wa kale, anakumbuka mababu, anasema mila hairithishi ardhi kwa mtoto wa kike. Mababu wakimbana, anarudi msikitini mbio, viatu mkononi.

"Mi nawajua," Karani alisema. "Wanachagua kadhi kama wanavyochagua nyanya."

Nilicheka sana siku hiyo. Nilicheka kwa sababu nilidhani anawasema wengine.

Kuna mtu wa Bugendana alikuja kwa miguu, ametoka alfajiri, ana wana saba na kipande kimoja cha mlima. Alitaka wapate sawa kwa sawa, kila mmoja ukanda wake kutoka juu mpaka bondeni. Karani hakubisha. Alimwuliza upana, akamwinua kwenye kigoda, akamtembeza barazani kwangu akihesabu hatua kwa sauti, na kila hatua nne akaweka kipande cha tofali. Wateja wangu wakasimama kutazama.

"Huyu ni mwana wa kwanza. Anaanza pipa la misumari, anaishia hapa. Akitaka kugeuka na jembe, aombe ruhusa."

"Mh."

"Wa saba huyu. Atapanda mgomba mmoja. Kivuli kitaangukia kwa kaka yake, na ndizi zitadaiwa na wote wawili."

Yule mzee akakaa chini, akashika kichwa. Mwishowe waliandika kwamba shamba libaki moja, walime wote, wagawane mavuno, na atakayetaka kutoka awauzie ndugu, si mgeni. Lakini bonde la chini, lenye maji, ilibidi ligawiwe. Mzee akasema mkubwa agawe kwa sababu ni mkubwa.

"Agawe," Karani alisema. "Lakini aliyegawa hachagui. Mkubwa akate, wadogo waanze kuchukua, yeye apate kitakachobaki. Utaona atakavyopima kwa uangalifu. Atapima mpaka kwa uzi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa kuliko zote, na haikuwa imeandikwa kwenye kitabu chochote nilichomwona nacho. Aliyegawa hachagui. Aliisema mpaka wabeba simenti wangu wakawa wanaitumia wakigawana chapati.

Mali ya yatima ilimtia wazimu. Alisema mali ya yatima ikiwekwa kwa ami huota miguu. Kwa hiyo aliandika orodha ambayo ingemtoa mtu machozi: sufuria tatu, mojawapo imetoboka; kioo kilichopasuka pembeni; cherehani, namba yake hii. Ami akauliza namba ya nini. Karani akamjibu kwa upole, "Ili cherehani isizeeke ghafla, bwana wangu." Miaka ikapita, binti akakua, akaja na karatasi, na cherehani ilikuwa ile ile. Ami alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

Safari moja nilimpeleka Bukirasazi kwa lori langu, bure, andika hilo. Kulikuwa na kuganduka, siku ile Warundi wanapoondoa matanga rasmi, ndugu wote wanakaa, mambo ya marehemu yanasemwa hadharani, na asiyesema siku hiyo anyamaze. Pombe ya ndizi ilikuwa imejaa mitungi. Karani alikubali kwenda kwa sharti la Fanta mbili, na aligomba kwa sababu waliweka moja mezani na nyingine wakaificha. Pembeni yake alimkalisha mwanamke mmoja mgeni, kitenge kizuri, mtoto mgongoni, kapu la maharage miguuni. Watu wakadhani ni mke wake. Nami, Mungu anisamehe, nikadhani hivyo hivyo.

Akasoma wasia. Ulikuwa wa yule mzee wa kwaya. Alipofika mahali ambapo marehemu anamtaja binti aliyemzaa nje, wanawe wakasimama kama watu walioumwa na siafu.

"Uongo! Na hata kama ni kweli, ni mwanamke! Kwa mila harithi ardhi!"

"Kaeni, wanangu," Karani akasema. "Marehemu hakusema arithi. Amempa igiseke."

Igiseke ni kikapu, lakini kwa Warundi ndilo jina la kile kipande ambacho baba humpa binti yake alime, na hiyo ni mila yenyewe, haina mlango wa nyuma. Waliita mila, mila ikaitika. Wazee wa kolina, bashingantahe, wanaoamua ugomvi wa watu, wakatazamana, mmoja akagonga fimbo chini mara moja. Imekwisha. Yule mwanamke mgeni, kumbe ndiye binti mwenyewe, akafungua kapu lake, akawagawia maharage akina mama wa pale, mmoja mmoja, na wao wakapokea kwa mikono miwili. Karani akamalizia Fanta ya pili.

Njiani nikamwambia, "Karani, we ni mjanja kama nyoka."

"Mi sina ujanja. Wao ndio walinipa kamba."

Sasa nikueleze kasoro zake, usije ukadhani nasoma dua ya maiti. Alikuwa mchoyo wa sukari. Alijifanya hasikii akiitwa na mtu asiyempenda. Aliandika wasia wa mjane yeyote bila malipo, halafu akaja kuniomba mimi msumari mmoja bure, tena wa nchi nne. Na jambo kubwa kuliko yote: huyu bingwa wa kurudisha watu kwenye nyumba zao hakuwa na nyumba. Alikuwa na parseli, kiwanja cha baba yake kule Muyinga, mtaa wa Waswahili, kila mtu alijua. Alirudi kutoka Tanzania akakuta mtu ndani, na hakushitaki. Hakuandika hata barua moja. Mganga wa kesi za watu, yeye mwenyewe kesi imemlaza kitandani! Nilimtania mbele ya wateja.

"Karani, yule mnyang'anyi wako wa Muyinga hajambo?"

"Hajambo, patroni. Anakusalimu."

Yaliyobaki nilijaza mwenyewe: mwoga, au alikula pesa ya mtu, au hana karatasi. Hakuna utamu kama kumjua mtu ambaye hukumuuliza.

Ndipo dada yangu alipokuja.

Mdogo wangu Hadija alikaa kambini Tanzania miaka mingi kuliko mimi. Mimi nilichoka mapema, nikavuka kurudi Muyinga wakati bado watu wanaogopa, nikaikuta parseli ya Baba ni majani matupu, nikajenga pale ile milango yangu mitatu. Baba alibaki kambini, akaugua, akafia huko. Mama alikuwa ametangulia zamani. Hadija alirudi na lori la mwisho mwisho, mumewe amekufa, watoto watatu, akapanga chumba kimoja Muyinga. Siku hiyo alikuja Gitega, akasimama mbele ya duka langu, akasoma kibao chote kabla hajaingia.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Kiswahili cha Tanzania hicho! Karibu, keti."

Hakuketi. "Sikuja kuomba, kaka. Nimekuja kuuliza sehemu yangu ya kwa Baba."

"Sehemu gani? Baba hakuacha karatasi. Na pale mi nilikuta majani. Ile iko jasho langu."

"Nyumba ni jasho lako. Chini yake je?"

Nilimjibu kwa vitendo, kama mtu mkubwa: gunia la mchele, mafuta, na nauli ya kurudi. Akachukua mchele kwa ajili ya watoto. Nauli akaiweka mezani juu ya mzani wa misumari, akaondoka. Watu walisema nina moyo. Nilikubaliana nao.

Karani, nje, alikuwa anajaza R zake. Hakuinua kichwa.

"Asiye na karatasi, patroni, ameshaandikiwa zamani. Kaka sehemu mbili, dada moja. Hata mtoto wa madrasa anaijua."

"Hapa ni Burundi, Karani. Mila hairithishi ardhi kwa mwanamke."

"Kweli? Na Ijumaa huwa unaswali kimila?"

Nilimwambia akumbuke kivuli anachokalia ni cha nani. Akaniambia anakikumbuka, ndiyo maana anakaa kimya. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi, baada ya salamu, baada ya kunisomea barua, aliuliza kwa adabu zote: "Mgeni wa mchele hajambo?" Miezi. Misimu ya mvua. Mgeni wa mchele hajambo. Nilianza kufika dukani nikiwa nimechelewa, mimi niliyekuwa naamsha jogoo.

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka. R zikawa zinatoka nje ya mstari. Siku moja akafunga mashine kwenye mkeka, akaniaga kwa maneno mawili, akapanda basi kwenda Muyinga. Nilisema afadhali, sasa baraza ina nafasi ya mapipa. Nikaweka mapipa. Barua za komini zikaanza kulundikana, kwa sababu kijana niliyemwajiri, mwenye diploma, alizisoma vizuri sana na hakuelewa hata moja.

Mwaka jana nilianguka dukani. Kitu kidogo, daktari alisema damu imepanda, lakini nilipokuwa nimelala pale kati ya mabomba niliwasikia wanangu wawili wa kiume wakijadiliana nani aendeshe lori. Nikaamka na akili mpya. Mtu mwenye mali kama yangu lazima awe na wasia, na wasia wangu hauwezi kuandikwa na mtu wa diploma. Nikaenda Muyinga.

Nilielekezwa mtaa wa Waswahili, mpaka kwenye parseli ile ile ya baba yake. Nikasema kumbe alishinda kesi hatimaye, mzee mkimya! Akanifungulia mlango mwanamke mzee kuliko yeye, mwenye sura yake kabisa, hata pua.

"Karibu. Yuko chumba cha nyuma. Ni mpangaji wangu," akasema, "na hasafishi birika."

Karani alikuwa ameketi kitandani, mdogo kama nguo iliyofuliwa. Akaniona, akacheka.

"Umemwona mnyang'anyi wangu?"

"Dada yako?"

"Dada yangu. Baba alipokufa nilichukua yote. Mimi ni karani wa tribunali, nani atanibishia? Nilimpa pagne mbili, vitenge tu. Vita vikaja, mi nikakimbia na karatasi. Yeye akabaki, akalala chini nyumba hii ilipoungua paa, akaezeka nyasi, akalinda. Niliporudi nilikuwa na karatasi, yeye alikuwa na nyumba. Nikaitia karatasi jikoni, nikapika chai." Akavuta pumzi. "Na aliponikaribisha nilishindwa kuingia. Ndiyo maana nilikuja kukaa kwako. Kwako niliweza. Wewe ulikuwa bado hujaona aibu, ilikuwa inanipumzisha."

Nimeshatukanwa na watu wa forodha, na wakwe, na benki. Hakuna aliyewahi kunitukana taratibu vile. Nikasema niliyokuja kusema: wasia.

"Una nini?"

Nikataja. Duka la Gitega, lori, nyumba ya Musinzira, milango mitatu ya Muyinga.

"Simama hapo. Mtu haachi wasia wa kitu cha mtu mwingine. Theluthi ya pale chini si yako. Ukiiandika, wasia wote unachafuka. Siku ya hitma yako watoto wa Hadija watasimama, wa kwako watasimama, na mimi sitakuwepo kuwakalisha. Mali hugawanywa, patroni. Kesi haigawanywi. Kila mtoto atairithi nzima nzima."

Nikafikiri juu ya wanangu na lile lori. Dada yake alileta chai, birika chafu kweli.

"Basi andika," nikasema. "Nitampa theluthi. Sehemu ya nyuma, kule uani."

"Kwenye choo."

"Choo kiko pembeni tu."

"Theluthi ya choo si theluthi. Parseli inakatwa kutoka barabarani mpaka nyuma, kila ukanda una mlango wake. Na siandiki mimi." Akainua mikono, ikacheza hewani kama majani. "Utaandika wewe."

"Mi nimesoma mpaka mwaka wa tatu, Karani!"

"R inafundishwa mwaka wa kwanza."

Niliandika. Mtu mwenye lori, kwenye kigoda, ulimi nje, mbele ya muuza mkaa na fundi baiskeli walioitwa kushuhudia, wote wawili wadogo kwangu kwa umri, alihakikisha. Ilituchukua asubuhi nzima. Alinifutisha mara nne. Kila R alinisimamisha: hiyo ni R au ni kuku? Ndiyo karatasi mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake, na alisema ni nzuri, uongo pekee niliomsikia akisema.

Hadija akaitwa. Tukaenda wote mpaka kwenye milango, Karani ameshikwa mkono na dada yake. Nikapima. Nilipima kwa hatua, nikarudia kwa kamba, kisha nikatuma kwa muuza mkaa kuomba uzi. Karani akatabasamu, akatazama juu. Kanda tatu, sawa kwa sawa, hata mchwa asingelalamika.

"Umegawa?" akauliza.

"Nimegawa."

"Basi nyamaza. Bi Hadija, chagua."

Nilijua atachukua wa mwisho, wenye kivuli, ulio mpana kidogo kwa jicho. Nilishaanza kuuaga. Hadija alitembea mbele ya milango yote, akarudi, akasimama kwenye wa kwanza. Ule mdogo. Ule niliouanza na chumvi. Akagusa ubao.

"Huu."

"Huo una kibao changu," nikasema, na sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Subiri nitaking'oa. Jina ni langu."

"Kiache, kaka. Baba nilimbeba mgongoni kila asubuhi, miaka miwili, mpaka mwisho wa kambi ambako kulikuwa na maji. Mlima ule. Sidhani jina hilo halinihusu."

Karani alikuwa anatazama barabara, kama alivyofanya mteja anapokwama kwenye swali la tatu.

Sasa Hadija anauza mandazi na nyuzi pale, na wateja wanasema ni JASHO LANGU la zamani, lile lenye mwenyewe. Siku hizi wasia wangu uko sandukuni, msafi, mashahidi wadogo, R zake zote zimesimama. Wanangu wameusikia wote, na lile lori nimewagawia kwa kanuni ile ile: mkubwa anapanga safari, mdogo anachagua.

Na nasema tena, hakuna mtu aliyeniachia kitu. Ila herufi za kibao kile zilikuwa zimefifia, aibu tupu kwa mtu wa biashara yangu. Nimempelekea kopo la rangi. Nyekundu. Ndiyo ambayo haikuwa inanunuliwa.